Raha ya Milele Umpe Wílmar

Kigari cha Wílmar kilikuwa kidogo kama kibweta, lakini kwa sifa alizokipa ungedhani ni ndege. "Hiki hakinywi petroli," alitamba kila alipokuja kula kwao. "Kinanusa tu!"

Doña Eduvina, mama yake, hakuwa na ugomvi na kigari. Ugomvi wake ulikuwa na mteremko wa La Quiebra, kona kumi na saba. Wílmar akifika kileleni hutoa gia, akakiacha kiserereke frii mpaka mjini, eti anabana mafuta. Mama alimsema, akalia, akanuna. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ikafika sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva. Magari yalivishwa maputo na riboni, yakateremka mjini kubarikiwa. Doña Eduvina akapanda nyuma na rozari yake na kapu la arepa, vile vikate vya mahindi. Mbele alikaa Yurani, mchumba wa Wílmar.

Kileleni, tak! Frii.

"Raha ya milele umpe Wílmar, ee Bwana," mama akaanza, kwa sauti ya matangani.

"Mama! Mimi mzima!"

"Najua, baba. Natanguliza tu. Siku tisa za kukuombea ukishazikwa ni nyingi, na magoti yangu unayajua."

Yurani, kicheko kimemkaba, akaitikia: "Na mwanga wa milele umwangazie."

"Hata wewe?"

"Sala haiachwi bila kuitikiwa, mpenzi."

Kona ya tatu, breki zikaanza kunuka. "Alikuwa mtoto mwema," mama akaendelea, "ila bahili. Apumzike kwa..."

"Basi! Usimalizie!" Kwao, aliye hai akitajwa kwenye sala ya wafu, ni kama ameitwa. Wílmar akatia gia. Kigari kikanguruma, kikapunguza mwendo. Nyuma sala ikakoma. Mama anatafuna arepa.

Mjini, fundi Belisario aliposimuliwa alicheka mpaka akashika boneti. "Kijana, ukiteremka na gia, mguu umeutoa kwenye pedali ya mafuta, injini hii haichomi hata tone. Frii ndiyo inakunywa!"

Wílmar akamgeukia mama. "Ulijua?"

"Nijulie wapi, mtu wa darasa la nne? Mimi najua sala tu."

Padri akafika na maji ya baraka, akanyunyiza mara moja.

"Ongeza, Padri," Wílmar akamsihi, akiinamisha kichwa. "Huyu mama ameshaniombea mpaka nusu ya kaburi."