Alama za Juu za Jina la Néhémie

Wiki hiyo Nadège alikuwa amechoka mpaka macho yanamwasha. Duka lake la kuchapa tisheti pale mjini Baraka lilijaa kazi za misiba, na kila aliyeingia alikuja na picha ya marehemu kwenye simu. Mama Suzanne alipoketi kando ya kompyuta, Nadège alimpa pole, kisha akashusha pumzi kimyakimya.

Mtoto wa Mama Suzanne, Néhémie, alikuwa mwandishi wa majina ya mitumbwi. Alikwenda Kazimia kuandika mtumbwi wa watu, homa ikamshika hukohuko, akarudishwa maiti.

"Mi nataka jina yake tu, picha hapana," mama alisema. "Lakini usiandike na herufi za ku bureau, kama za barua ya serikali. Tafuta zenye kufanana na mukono yake."

Nadège akafungua herufi aina kwa aina. Hizi nyembamba mno. Hizi zimejikunja kama za kadi ya harusi. Ndipo akafikia aina moja iliyoonekana kama imepigwa kwa brashi: mstari unaanza mnene, umelowa rangi, halafu unakauka njiani na kuacha mikwaruzo, kama brashi ikipita juu ya ubao usiopigwa randa. Aliwahi kuitumia kwa matangazo ya kwaya na vibandiko vya sabuni, bila kuitazama sana.

Mama alisogea. "Hapo," akasema. "Hapo rangi ilikuwa inamwishia."

Nadège akaandika jina. Mahali pa é vikatokea visanduku vitupu. Aliyeziunda herufi hizo hakuziwekea alama za juu.

"Mama, hizi haziko na ile alama. Tuandike Nehemie tu? Batu batasoma."

Mama alitikisa kichwa. "Alikuwa anaweka ile alama ku mwisho," alisema. "Anamaliza jina yote, anarudia nyuma, anagusa huku, anagusa huku. Nilimuonaka sana." Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajalala.

Nadège alitamani kufunga duka. Badala yake alichukua alama ya mkato ya herufi zilezile, akaigeuza, akaipandisha juu ya e. Ikakaa vibaya. Akaiinamisha kidogo, ikatulia. Ya pili akaifanya fupi zaidi, maana mkono wa mtu haurudii sawasawa. Tarehe na jina la kanisa akayaandika chini kwa herufi za kawaida, kwa sababu zile za brashi zikiwa ndogo mikwaruzo hugeuka uchafu.

Tisheti ya kwanza ilipotoka kwenye mashine ya pasi, mama alipitisha kidole juu ya jina.

"Si mukono yake," alisema. "Lakini iko karibu. Aksanti, mutoto yangu."

Kesho yake waombolezaji walipita mbele ya duka wamezivaa tisheti hizo, na watu wa barabarani wakalisoma jina kwa sauti ya chini. Nadège aliwatazama kutoka mlangoni mpaka walipokata kona. Kisha akarudi ndani, akalaza kichwa mezani, usingizi ukamchukua mashine ikiwa bado ya moto.