Sahani ya Lurline

“Ndiyo hii?” mgeni aliuliza. Aliinua sahani juu ya kichwa chake akaichungulia kwa chini, kana kwamba jina la marehemu lingekuwa limeandikwa hapo. Mchuzi wa bamia ukamtiririkia hadi kwenye kiwiko, na mkewe akacheka mpaka akashika meza.

Ozella Frasier alisimama kwenye mlango wa jiko, upawa mkononi.

“Sahani ni sahani, bwana. Kula, chakula kinapoa.”

“Lakini ni mojawapo ya hizi?”

“Ni mojawapo ya hizi.”

Wageni wakapiga makofi. Mmoja alisukuma sahani yake mbele kidogo, halafu akaona aibu, akaivuta tena.

Nje, chini ya mwaloni, Cephus Gadsden alikuwa anamnywesha baghala wake maji. Alivaa kofia ndefu nyeusi na koti la mikia miwili, kama ilivyotakiwa kazini. Kila siku aliwazungusha wageni kwa gari la kukokotwa na baghala katika mitaa ya kale ya Port Clement, akiwaonyesha nyumba za mabwana waliotajirika kwa mpunga na kwa watu waliowanunua kuulima. Mwishowe, walipofika ukingo wa maji na njaa imewashika, walimuuliza wapi pa kula. Kwa miaka mingi aliinua mjeledi kuelekea nyumba ya Ozella na kusema, “Pale ndipo watu wetu wanapokula.” Siku hizi maneno yalikuwa mengine.

“Pale,” alisema, “mtakula na mke wangu.”

Lurline, mkewe, alikula chakula chake cha mwisho kwa Ozella. Ulikuwa mwezi wa Mei. Alikula wali mwekundu, kaa na sukuma wiki iliyopikwa kwa nyama ya moshi, akajifuta mdomo, akalalamika kwamba pilipili imezidi, akaenda nyumbani kujinyoosha kidogo. Hakuamka. Na watu wa pande hizi hawamziki mtu bila sahani yake. Ile aliyoitumia kula mara ya mwisho huvunjwa juu ya kaburi, ili uzi unaomfunga na meza ya walio hai ukatike. Isipovunjwa, marehemu huifuata, na akishaifuata haondoki peke yake; huondoka na aliye hai.

Cephus alikuja kesho yake asubuhi, hajanyoa ndevu.

“Nipe sahani ya mke wangu.”

Sahani ilikuwa imeshaoshwa. Ilikuwa rafuni pamoja na zote, nyeupe zenye ukingo wa buluu, zote sawa, kwa kuwa Ozella alizinunua siku moja duka moja. Mtu mwingine angechukua ya juu akampa, mambo yakaisha. Ozella alinyoosha mkono, akaushusha.

“Nimeiosha, Cephus. Sijui ni ipi.”

“Hujui?”

“Nikikupa yoyote tu, nitakuwa nimekudanganya mbele ya kaburi la mkeo.”

Cephus aliitazama rafu kwa muda mrefu. Kisha akaondoka mikono mitupu. Lurline alizikwa na kikombe chake na kitana.

Tangu hapo Jumapili za Ozella zilikufa. Zamani waumini walikuwa wakitoka kanisani moja kwa moja mpaka mezani kwake, na kofia zao kubwa vichwani, wakigombania viti, wakimwita jikoni aje asikie kituko cha mchungaji. Ozella hakuwa na mume wala mtoto. Hao ndio waliokuwa nyumba yake. Sasa walipita upande wa pili wa barabara, na wageni wa Cephus ndio waliojaa viti, wakigeuza sahani chini juu. Chakula kiliisha kila siku. Yeye mwenyewe alikuwa anakonda.

Siku ile ya makofi alitoka nje akamfuata Cephus chini ya mwaloni.

“Kwa nini unanifanyia hivi?”

“Nakufanyia nini? Nakuletea watu.” Alimpapasa baghala shingoni. “Watu wanashukuru wakiletewa watu, Bi Ozella.”

“Unamchezea mkeo mwenyewe.”

“Mimi?” Cephus alicheka, lakini macho yake hayakucheka. “Mimi nilikuja kumchukua. Wewe ndiye uliyemzuia. Sasa mlishe.”

Jumapili, mbele ya ngazi za kanisa, Ozella alimzuia Vashti Simmons, ambaye kwa miaka yote alikuwa na kiti chake karibu na dirisha la jiko na hakuna aliyethubutu kukikalia.

“Vashti, dada yangu. Kiti chako kimeota vumbi.”

“Kifute, mpe Lurline.” Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaguna kwa kicheko. “Usinitazame hivyo. Mimi nina wajukuu. Siwezi kukaa kula wali, na maiti anautaka wali huohuo.”

“Basi niambie nifanye nini. Chochote. Nitafanya.”

Vashti alirekebisha glavu zake nyeupe. Huenda alimhurumia. Huenda alitaka tu kwenda zake.

“Mpe chake,” alisema. “Si jambo gumu. Mpe chake, nasi tutakuja kula.”

Wiki nzima Ozella alilifikiria hilo huku akiwamenya kamba wa mchuzi. Asiyejua ni ipi, ana njia moja tu ya kuwa na hakika. Jumamosi mchana alifunga mlango, akapanga sahani zote ndani ya kapu la nguo, akatandika taulo katikati zisigongane, akalibeba kifuani mpaka makaburini ng'ambo ya kijito. Alipumzika njiani mara nyingi. Jua lilikuwa kali na matope ya bwawa yalikuwa yananuka, maji yakiwa yamekupwa.

Udongo wa kaburi la Lurline ulikuwa bado haujashuka. Ozella alipiga magoti, akamwomba radhi kwa ile pilipili, akaanza kuvunja. Alizigonga moja moja kwenye jiwe la kichwani, taratibu, kama mtu avunjaye mayai kwa ajili ya keki. Alipomaliza, udongo ulikuwa umefunikwa na vipande vyeupe na buluu. Alihisi kifua kimefunguka. Njiani kurudi aliimba.

Usiku huo hakulala vizuri kwa furaha. Alfajiri aliwasha jiko. Aliazima sahani za bati kwa jirani, akapika sufuria kubwa ya wali mwekundu, akakaanga samaki, akafuta kiti cha karibu na dirisha. Kengele ya kanisa ilipolia kwa mara ya mwisho alifungua mlango wa mbele, akasimama na aproni safi.

Walikuja. Aliwaona wakivuka barabara wote pamoja, kofia na glavu nyeupe na suti nyeusi, na Cephus mbele yao bila kofia yake ndefu. Ozella alitabasamu akarudi nyuma kuwapisha.

Walisimama kwenye geti.

“Nimetoka kaburini,” Cephus alisema. “Umevunja zote?”

“Zote. Sasa hapana shaka. Ya kwake imo.”

“Ya kwake imo,” Cephus alirudia. “Na ya nani tena?”

Ozella hakuelewa. Kisha akamtazama Vashti usoni, akaelewa.

“Mimi nimekula kwenye hizo,” Vashti alisema. Sauti ilikuwa ndogo, si ya Vashti. “Wajukuu wangu wamekula kwenye hizo. Unamvunjia mtu aliye hai sahani juu ya kaburi, Ozella? Uzi wangu umeukata?”

“Ulisema nimpe chake.”

“Chake! Nilisema chake!”

“Alikuwa peke yake kule,” Cephus alisema polepole, na sasa ndipo alipotabasamu. “Umempa mji mzima.”

Mzee mmoja alitema mate. Mwanamke aliyebeba mtoto mchanga alimfunika kichwa kwa kitambaa, akageuka. Wengine wakageuka pia, wakaenda haraka kuelekea kijitoni. Ozella aliwafuata na aproni yake, akawakuta wamepiga magoti makaburini wakiokota. Kila mmoja alichambua vipande, akavishika penye mwanga, akajaribu kuunganisha kimoja na kingine, akavitupa. Ozella aliinama awasaidie.

“Usiguse,” Vashti alimwambia.

Akarudi nyumbani. Wali ulikuwa umeanza kushika chini. Aliupunguzia moto, akaukoroga, akakaa mlangoni kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa.

Gari dogo lenye namba za mbali likapunguza mwendo. Dereva, kijana mwenye miwani ya jua, alitoa kichwa dirishani.

“Mama, habari za mchana. Watu wa hapa wanakula wapi?”

Ozella alifungua mdomo kumjibu. Ng'ambo ya kijito, katikati ya majani marefu, kofia nyeupe zilikuwa zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka.