Ng'ombe Watano wa Baba

Mdogo wangu Ebenezer alipoleta ile mashine nyumbani kwangu Msalato, aliniambia itakaa wiki mbili. Ilikaa miezi saba. Aliifunga katika chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nimekipaka rangi kwa ajili ya wageni, na tangu siku hiyo sikupata tena usingizi wa maana. Ilivuma kama mashine ya kusaga, tofauti ni kwamba mashine ya kusaga hufungwa jioni, na unga unauona.

Kazi yake, alivyonieleza, ilikuwa kupiga mahesabu bila kupumzika na kulipwa vijipande vya sarafu ya mtandaoni. Wenyewe wanaita kuchimba. Nilimuuliza hayo mahesabu anayachukua nani.

"Dada Elieth, hii huwezi kuielewa," akasema.

Mimi nina shahada, na miaka kumi na minne ya kutunza majalada ya wizara. Nilichokielewa ni luku. Mashine ilikuwa inakula yuniti thelathini kwa siku, na kila nikirudi kutoka kazini Mtumba, miguu imevimba, nilikuta mita inalia. Asubuhi Ebenezer alikuwa akiipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, polepole, huku akiisemesha. Vumbi la Dodoma nalo halina adabu, akitoka tu linarudi.

Mtaji aliupata kwa baba yetu, Mzee Eliakimu, kule Mvumi. Baba alipeleka ng'ombe wawili mnadani katika kumi aliokuwa nao, kisha akaja mwenyewe kuona kilichonunuliwa. Aliketi kwenye kigoda chumba cha nyuma, akaweka kiganja juu ya bati la mashine, akakiacha hapo muda mrefu.

"Ina joto," alisema. Akaridhika, akaomba chai.

Niliudhika. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma mita na kununua yuniti, na kwa hesabu yangu kile kidude kilikuwa kinarudisha pungufu ya kilichokula. Lakini baba alikuwa ameshashika joto lake, basi, yameisha.

Wakati huohuo mwenzangu wa ofisini, Rodgers, akanionyesha njia nyingine ya kuchimba. Hununui mashine. Unakodi sehemu ya mashine za watu walio mbali, nchi ya baridi, wao ndio wanaohangaika na umeme na mafundi, wewe unaangalia simu. Hakuna kelele wala vumbi wala mita inayolia. Nilikuwa nimechoka, na kitu chochote kisicho na kelele kingenifaa. Niliweka akiba yangu kidogo. Kila asubuhi tarakimu zilikuwa zimepanda, na mara mbili nilitoa fedha zikafika kweli. Nikajiona mjanja kuliko Ebenezer.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nalijutia. Nilikwenda Mvumi kumwomba baba ng'ombe watano.

Sisi Wagogo tuna desturi ya kuweka ng'ombe kwa mtu. Huachi mali yote katika zizi moja, maana ukame ukikukuta huku, huenda kule mvua imenyesha. Unampelekea rafiki unayemwamini awachunge. Maziwa ni yake, ndama ni wako. Na ukishaweka hufuatilii. Kwenda kuhesabu ng'ombe wako kwenye zizi la mwenzako bila kuitwa ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watoto wake.

Nilimweleza baba kwa lugha hiyo. Nilimwambia kuna watu wenye zizi kubwa mbali, wanachunga mashine za watu wengi. Ada wanayokata ndiyo maziwa yao, kinachobaki ndicho ndama wetu. Aliuliza kama anaweza kwenda kuwaona. Nikamjibu, "Baba, si unajua mwenyewe haipendezi?"

Aliitikia kwa kichwa, ng'ombe watano wakaenda mnadani, fedha nikaziingiza kule. Kwa desturi yake mwenyewe nilimfunga mdomo, na njiani kurudi mjini nilikuwa nachekelea.

Mwezi wa nne tangu hapo niliomba kutoa fedha, simu ikaandika kwamba ombi linashughulikiwa. Lilishughulikiwa siku kumi na moja. Kisha wakataka niwatumie kwanza ada ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Niliwatumia. Ndiyo, niliwatumia, mimi mwenye shahada. Wiki iliyofuata ukurasa ulikuwa mweupe, na kundi la mtandaoni la sisi tulioweka fedha limebaki na watu wanaoulizana wao kwa wao. Rodgers alichukua likizo ya ugonjwa. Sikumlaumu, naye alikuwa ameingiza mkopo wake wote.

Mwezi huohuo mashine ya Ebenezer ilikufa. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, chumba kikajaa moshi. Ebenezer aliikung'uta, akaifungua, akaifunga, mwisho akaitia kwenye kiroba na kuondoka nayo bila kuaga. Nilifungua madirisha nikalala saa kumi na mbili mfululizo. Nilipoamka ndipo nilipokumbuka kwamba bado sijamwambia baba.

Nilichukua wiki tatu kujipanga. Nilitunga maneno ofisini, nikiyafuta na kuyaandika upya kama barua ya mkubwa. Jumamosi moja nikaona nitazeeka na hayo maneno, nikapanda gari la Mvumi.

Baba alikuwa nje, anachonga mpini wa jembe. Zizini walikuwa watatu tu. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua ambayo haikunyesha. Kisha nikasema yote bila yale maneno niliyoyatunga. Nilisema wale watu wamefunga, fedha hazirudi, ng'ombe watano ndio wameondoka.

Aliendelea kuchonga kidogo, akaweka kisu chini.

"Huyo uliyempa, jina lake nani?"

"Sijui, baba."

"Kwao wapi?"

"Sijui."

"Ng'ombe wakifa, aliyewekewa huja na ngozi," alisema. "Anakuja kwa miguu yake, anakutandikia hapo chini, unaona alama yako. Ukishaiona, hudai. Kifo si kosa la mtu. Wewe umeniletea nini?"

Nilikuwa na simu tu. Kwa ujinga wangu niliitoa, nikamwonyesha ule ukurasa mweupe. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akatazama na mgongo wake. Akanirudishia.

"Ebenezer alikuja," alisema. "Alikuja na ile mashine kwenye kiroba, akaimwaga pale ulipokaa. Nikaigusa, imepoa. Ndani imeungua, nimeona kwa macho. Tukayamaliza."

Kumbe huko ndiko alikokwenda. Kijana niliyemwita mzembe miezi saba alibeba bati lililoungua kutoka Msalato mpaka Mvumi ili baba auone mzoga. Mimi mwenye majalada sikuwa hata na karatasi.

"Baba, wale ni matapeli," nilisema. "Wametuibia wote. Ni watu wengi, na wasomi wamo. Mimi mwenyewe wamenimaliza."

"Hao siwajui," alisema, bila ukali. "Mimi sikuweka ng'ombe kwa hao. Niliweka kwako."

Nilitamani anitukane, au anyanyue ule mpini anitandike kama zamani, maana mtu akishapigwa mambo huwa yamekwisha. Niliuliza kama ninaweza kumlipa kidogokidogo, kila mshahara ukitoka. Akasema tutaona. Akaeleza, kama anayeongea habari nyingine kabisa, kwamba Ebenezer amepata fundi, na ikibidi atamwongezea yule dume mwekundu ajaribu tena.

Nilijua hesabu za mashine ile. Nilijua hata ikipona itakula luku zaidi ya itakachotoa. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Ningeanzia wapi mimi kumshauri baba juu ya ng'ombe?

Mchana ulifika. Tangu nilipoanza kazi mjini, nikija nyumbani nakula walichopika: ugali wa uwele na mlenda, sahani moja na baba, tukigombania ukoko. Kuku kwetu huchinjwa akija mchungaji, au wakwe, au mtu wa serikali.

Baba alimwita mama, Anjelina, aliyekuwa jikoni.

"Mama Elieth," alisema, "kamata kuku mmoja. Tuna mgeni."

Mama alichungulia mlangoni, akatazama huku na huku kumtafuta huyo mgeni. Aliniona mimi peke yangu. Akaenda nyuma ya nyumba kumkamata kuku.