Ngazi za Mama Dobi

Kila siku, saa moja kasoro asubuhi, simu ya Mama Dobi huita, na Mama Rula huwa ameshachonga penseli.

"Ngapi leo, mama?"

"Tatu, mwanangu. Jana tano, leo tatu. Maji yanakimbia kama yamefumaniwa!"

Mama Rula alikuwa mpanga safari wa kampuni ya matishari ya mizigo. Yeye ndiye aliyeamua tishari libebe kiasi gani ili lisikwame mtoni. Mama Dobi, mjane anayefua nguo za watu, hakuajiriwa na yeyote. Alikaa mwendo wa saa nne kwa tishari kutoka bandarini, pale pale penye fungu la mchanga, na ngazi za mawe alizojengewa na marehemu mumewe zilishuka mpaka majini. Mwaka juzi Mama Rula alikwenda kuzipima moja moja kwa rula yake. Kila ngazi ilikuwa na sentimita ishirini, na ya chini kabisa ilianzia mita moja na nusu juu ya fungu la mchanga; tangu hapo zile zilizofunikwa na maji ndizo zilizompa kina cha mto.

Ngazi tano maana yake mita mbili na nusu. Ngazi tatu, mita mbili na kitu kidogo. Na tishari likijaa saruji huzama mita mbili na robo.

Nahodha wa leo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba zao mbili. Tishari likikwama, anayenyang'anywa leseni ni nahodha, hata kama mzigo ulipangwa na malaika.

Ofisi ya mamlaka ya mto ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ubaoni palikuwa na maandishi ya chaki: mita mbili na nusu. Chaki hiyo ilikuwa na wiki mbili.

"Leo maji yamepungua, afisa."

"Nani kasema?"

"Mama Dobi."

Afisa alicheka mpaka akashika tumbo. "Ana cheti?"

"Ana macho. Nguzo yenu ya kupimia ilianguka mwezi uliopita."

"Barua ya kuomba nyingine ipo njiani."

"Inakuja kwa miguu?"

Afisa aligonga muhuri wake kwenye mita mbili na nusu zake, akarudi kwenye chai.

Bosi naye alikuja juu. "Mamlaka imesema mbili na nusu, wewe unataka kuacha mifuko elfu tatu gatini! Mwenye saruji nimwambie nini?"

"Mwambie itakuja safari ya pili. Au jaza, bosi, lakini hapa penye 'aliyepanga mzigo' utie saini wewe."

Bosi aliitazama kalamu kama vile inauma. Akaitazama tena. "Haya, punguza," alisema mwishowe. "Likizuka jambo, ni lako."

"Ni langu."

Gatini alimkabidhi shemeji karatasi ya safari, pamoja na mche wa sabuni uliofungwa kwa gazeti.

"Ndiyo nini, shemeji? Nanuka?"

"Unanuka, lakini hiyo ni ya Mama Dobi. Ukipita pale mrushie, umwambie tunashukuru."

Tishari liling'oa nanga saa tatu. Kufika saa saba, chakula cha Mama Rula kilikuwa bado hakijaguswa. Simu ilipoita, aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Limepita, mwanangu! Limekuna mchanga kidogo nyuma, tope likapanda, lakini limepita. Na huyo shemeji yako nusura anipasue kichwa kwa sabuni!"

Mama Rula alikaa chini. "Ahsante, mama. Wallahi sijui nikushukuru vipi. Umetuokoa."

"Mimi nimehesabu ngazi tu. Ila kuna jambo. Walikuja watu wa mamlaka kwa gari leo asubuhi, wamezipiga ngazi alama nyekundu. Eti hazina kibali, kesho zinabomolewa."

Dirishani Mama Rula aliuona ule ubao wa chaki. Wameshindwa kusimamisha nguzo moja, nyundo za kuvunjia hawakuzikosa.

"Mama, nisamehe. Pengine ni mimi niliyekutaja."

"Usilie, wewe! Ngazi zilikuwa za marehemu, miguu ni yangu. Kesho nitaingia mwenyewe majini pale chini, nikwambie yamenifika wapi."

Mama Rula alicheka, machozi yakimtiririka, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Basi chukua ile futi ya kupimia aliyokuachia marehemu, mama. Simama wima, pima toka wayo mpaka gotini."

"Ngoja nivue kandambili," alisema Mama Dobi.