Hodi, Flati ya Kumi na Tisa

Chai ya siku za mafunzo huwa nyepesi mpaka ukimtazama mtu kupitia kikombe unamtambua na ndevu zake. Biskuti nazo usiseme. Victor wa matengenezo aliapa kwamba mwaka jana alizibia nazo ufa kwenye ngazi za jengo zima, na ngazi zikaanguka biskuti zikabaki.

"Dada Teresia, usiume kwa meno ya mbele," alimwonya. "Hayo utayahitaji kwenye picha ya cheti."

Teresia akacheka. Cheti alikitaka kweli. Alikuwa ametunza wapangaji wa shirika moja la hisani pale Woolwich kwa miaka kumi na moja, na siku hizi hakuna anayepewa umeneja bila kufuzu kozi. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Akifaulu igizo moja tu, mkufunzi anatia saini, kiti ni chake.

Mkufunzi, Balwinder, mama mpole mwenye miwani ya kamba, akawasha projekta.

"Mpangaji wetu tunamwita Bwana M.," alisema. "Umri, sabini na moja. Anaishi peke yake. Amelalamikia ukungu ukutani. Afisa anakwenda mara tatu, anagonga, hafunguliwi, anaacha kadi. Faili linafungwa kwa maneno haya: mpangaji amekataa kushirikiana. Wiki tano baadaye anakutwa kitini, amefariki, koti mwilini. Kadi zote tatu amezipanga vizuri juu ya redio."

Picha ikatokea. Walikuwa wamefuta jina, uso na namba ya mlango. Ukuta wakausahau.

Teresia akakiweka kikombe mezani. Ukuta ule aliujua kuliko kiganja chake. Ni wa flati ya kumi na tisa, kwa Mzee Fortunat wa Bukavu, mwongo mtamu kupita wote waliowahi kupanga kusini mwa mto Thames. Ukungu wake alikuwa ameugeuza ramani. "Angalia, mutoto yangu," angesema, akiufuata kwa fimbo. "Ulianzia Goma. Sasa uko Uvira. Krismasi utaingia Kalemie, na mimi sina hata mbuzi wa kuupokea!" Alidai uyoga ulioota nyuma ya kabati lake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba jirani aliuazima kama mwavuli. Teresia angecheka mpaka asahau fomu, kisha angeketi amsomee barua zake, maana mzee alisoma Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kilimpiga chenga.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha.

"Ukikuja, piga hodi nijue ni wewe. Mutu mwenye kugonga bila kusema, mimi simufungulie mulango. Wale wa kugonga kimya nawajua. Kwetu walikuja hivyo, na hapa walikuja hivyo kunichukua, wakati sijapewa karatasi ya kukaa."

Basi kwa miaka sita Teresia akapiga hodi, naye mzee akaitikia karibu kwa sauti ya kutikisa lifti.

Kisha ikaja kozi, na sehemu yake ya kwanza ilihusu mipaka ya kazi. Hakuna baba wala mama, kila mpangaji ni Bwana au Bibi. Lugha ni moja kwa wote, Kiingereza, asionekane mtu anapendelewa. Gonga mara tatu, subiri dakika mbili, acha kadi. Teresia akayashika yote kama katekisimu.

Mara ile ya tatu ya kugonga kwa Mzee Fortunat hakwenda peke yake. Msimamizi alisimama kando yake na karatasi ya alama. Teresia akagonga. Ndani redio ikazimwa. Ikawa kimya, kimya cha mtu aliyeshika pumzi. Hodi ilimfika ulimini. Akatazama ile karatasi ya alama, akaimeza hodi yake. Alama alizopata siku hiyo zilikuwa kumi kwa kumi.

"Teresia, wewe ndiye afisa," Balwinder alikuwa akisema. "Victor, mpangaji. Ingia stoo, ufunge mlango."

"Sifungui bila biskuti!" Victor alipiga kelele kutoka ndani, na watu ishirini na wawili wakaangua kicheko.

Teresia akausogelea mlango. Kadi ya maelekezo ilikuwa mkononi, hatua zote zimeandikwa. Angezifuata tu, na kufikia jioni angekuwa meneja. Akagonga mara tatu. Kisha kadi ikamponyoka.

"Hodi," akasema.

Vichwa vikageuka. Kozi nzima ilikuwa ya Kiingereza.

"Hodi, Mzee Fortunat. Ni mimi, Teresia."

Victor akachungulia, bado anatabasamu. "Umemwita nani?" Alipouona uso wake, tabasamu likamtoka.

"Teresia, mpenzi," Balwinder akasema polepole, "majina hatuyataji."

"Hakukataa kushirikiana," Teresia akajibu. "Alinieleza anavyofunguaga mlango. Alinieleza, Balwinder. Kadi alikuwa anamwekea mtu wa kumsomea. Afisa wenu huyo ni mimi. Lifuteni hilo neno kwenye faili lake, muandike jina langu."

Kalamu ya Balwinder ilibaki hewani juu ya fomu. Victor akarudi ndani taratibu, akaufunga mlango, kwa vile hakujua afanye nini kingine.

Teresia akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango.

"Hodi, baba."

Katika chumba kile chote hapakuwa na aliyejua neno la kumjibu. Akasubiri dakika mbili kamili, kama walivyomfundisha.