Wageni wa Ghulaf

Baba yangu, Musabbah, aliipoteza Ghulaf kwa adabu. Wengine hupoteza ardhi kwa vita. Sisi kwa adabu, na hadi leo jambo hilo halijanishuka.

Ghulaf ni bonde letu: mitende arobaini, kisima, na kaburi la mama yangu upande wa juu. Kila kiangazi tulihama pwani kwenda kuvuna tende. Koo mbili za masheikh, Marzam wetu na Jubair wa jirani, ziligombania bonde hilo tangu enzi za mababu, lakini kwa maneno tu. Kisha akaja Mwingereza kuchora mpaka. Kila alipofika, aliuliza watu sheikh wao ni nani, na ardhi yao akaiandika kwa sheikh huyo.

Siku aliyofika kwetu, baba alikuwa amemchinjia mbuzi mgeni wake Huwaidin, mtu wa Jubair. Swali lilipoulizwa, Huwaidin akawahi, mkono ungali kwenye sinia:

"Hawa? Hawa watu wetu, wa Jubair."

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikingoja baba akanushe. Akanyamaza. Kwetu humuumbui mgeni aliye kwenye chakula chako. Huwaidin akamaliza siku zake tatu za ugeni, ndipo baba akapanda ngamia kumtafuta Mwingereza. Alimkuta ameshaondoka, na bonde limeshaandikwa la Jubair.

Miaka sita walinzi wa Jubair walitufukuza. Soko la pwani lilijaa tende, nami nalia nazitaka za Ghulaf. Nilimtamani mama, hata kama ni udongo wake tu. Nikamsumbua baba asubuhi na jioni.

"Maitha, utaniua, mwanangu."

"Basi twende kwa Huwaidin. Si yeye aliyesema?"

Tukaenda. Jubair walikuwa wamemweka msimamizi wa bonde, na nyumba yake ilikuwa pale pale mlangoni mwa bonde. Akatukaribisha, akamimina kahawa. Baba akakiweka kikombe chini bila kukigusa. Kwetu anayefanya hivyo ana haja, na mwenyeji asiyeitimiza hubaki na aibu mpaka kwa wajukuu.

Uso wa Huwaidin ukamshuka. "Kunywa, Baba Maitha. Haja yako imeshatimia."

"Mwambie Mwingereza ukweli."

"Nimeshamwambia, wallahi! Mwaka juzi. Akanicheka, ati ramani imeshachapwa huko kwao. Mzee, kwa nini hukunikanusha siku ile?"

"Ulikuwa na nyama yangu mdomoni."

Huwaidin akainamisha kichwa. "Omba kilicho mkononi mwangu."

Baba akanitazama. "Binti anataka kumwona mama yake."

"Aingie. Aingie sasa hivi. Lakini siku tatu, kama mgeni yeyote. Zikizidi, sheikh atanila nyama."

Baba akanywa kahawa yake.

Nilishinda kaburini nikisafisha mawe kwa kanga ya kichwani, nikimsimulia mama habari za miaka sita. Nilipochoka, mke wa Huwaidin akanijia na sahani ya tende. Nilizijua kabla hajaitua: za mtende wa kisimani, alioupanda mama kwa mikono yake.

"Kula, mgeni, usione haya," akasema kwa upole. "Tende zetu hizi huzipati kwingine."

Nikachukua tende moja, nikala.

"Mungu awazidishie," nikamwambia.