Uzito wa Mung'aro

Mung'aro alikuwa wa kumi na nane kwenye foleni ya kupimwa, na vyuma vilikwisha kumchubua. Vilikuwa viwili, ratili tano kila kimoja, amevifunga mapajani kwa ndani kwa vitambaa vya kanga kuukuu, na juu yake akavaa kaptula pana ya kazi. Alitembea akitanua miguu kama mtu aliyetoka jandoni juzi. Tumboni alikuwa na maji tu. Tangu alfajiri alikuwa akinywa kwenye bomba la lango la bandari mpaka yakataka kurudi.

Vyuma vilikuwa vya mizani ya duka la mchele la mtaa wa Ndia Kuu, ambako mkewe Loise alikuwa akifua nguo za wenyewe. Hawabai, mwenye duka, hakuombwa mara mbili. "Chukua, mwanangu," alimwambia Loise, "lakini nirudishie kabla ya alasiri. Wateja nitawapimia kwa kitu gani?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mwaka uliopita daktari wa kampuni aliwapima makuli wa bandarini, na kila aliyeonekana mwepesi au mwenye kifua kibovu alinyang'anywa kadi ya kazi papo hapo. Tisa waliondoka siku ile. Mmoja wao alizikwa kabla ya Ramadhani. Kwa hivyo Jumamosi, karani Kamaludin aliposimama langoni kusoma majina ya watu arubaini, hakuna aliyeuliza swali.

"Kesho kutwa mutapimwa na daktari wa Serikali," alisema. "Asiyekuja, kadi yake airudishe kwangu."

Basi. Alijua zaidi ya hayo, lakini kuwaeleza makuli kungemfaidi nini?

Loise ndiye aliyekaza mafundo asubuhi ya kupimwa. "Usikohoe, baba Ketty," alisema. "Kikohozi kikikujia, kimeze."

Ghala la kupimiwa lilinuka kahawa mbichi na jasho. Daktari, Mzungu kijana ambaye shati lilikuwa limemganda mgongoni, aliketi mezani na daftari lake. Pembeni yake aliketi Kamaludin, na mbele ya Kamaludin kulikuwa na kisanduku cha kadi. Aliyepima ni Crispus, dresa, msaidizi wa matibabu hospitalini, Mtaita mpole. Mung'aro alipopanda kwenye mizani, Crispus aliinama kumsogeza miguu, mkono wake ukagusa chuma. Kisha akasema chini chini bila kuinua kichwa:

"Ndugu, vitoe. Hii si kama ile ya mwaka jana. Baada ya ule mgomo wenu wa bandarini Serikali inataka kujua kama mshahara unamtosha mtu kula. Mkionekana mmekonda, mtaongezwa. Nyote."

Mung'aro alikitazama kisanduku cha kadi. "Kama ni hivyo, yule karani afanya nini hapa?"

"Sijui."

"Waweza kuniapia kwamba sitafutwa?"

Crispus alikuwa na watoto wanne na nyumba ya Serikali. "Siwezi kumwapia mtu," alisema.

"Basi andika."

Nani wa kumlaumu? Mung'aro alikuwa mtu wa saba kuambiwa hivyo asubuhi ile, na wa saba kukataa. Crispus alisimama, akautaja uzito kwa sauti, daktari akauandika.

Daktari akamwekea kipimo cha kusikilizia kifuani. Mung'aro alibana pumzi mpaka masikio yakamvuma.

"Unakula nini nyumbani?" daktari aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza.

Chai kavu na muhogo wa kuchemsha, mara moja kwa siku, na huo muhogo Ketty hupewa kwanza. Lakini Kamaludin alikuwa ameacha kupanga kadi, anamtazama.

"Ugali, bwana. Samaki. Nyama kila Ijumaa." Akaona bado wanangoja, akaongeza vyakula ambavyo Loise huvisikia vikinukia kwa Hawabai. "Biriani pia. Na mayai."

Daktari alishangaa, akafurahi, akaandika yote. "Vizuri sana," alisema.

"Huyu ni simba wetu," Kamaludin akamwambia.

Miezi minne baadaye tangazo lilifika. Kamaludin alilisoma langoni asubuhi, kabla ya kuita majina ya wanaohitajika siku hiyo. Uchunguzi wa kitabibu umethibitisha kwamba wafanyakazi wa bandari wanakula vya kutosha, hata nyama, na uzito wao ni wa kuridhisha. Kwa hivyo mshahara utabaki kama ulivyo.

Wale arubaini walitazamana, kisha wakakwepana macho. Halafu ghadhabu ikapanda, ghadhabu ya kweli ya watu wenye njaa.

"Nani aliyewaambia twala nyama?" mtu mmoja akapiga kelele huko nyuma.

"Nani?" wakaitikia wengine. "Atajwe!"

"Nani?" Mung'aro naye akapaaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka, na hasira yake haikuwa na uongo hata chembe. "Nani huyo?"

Kelele zile zilimwamshia kifua. Alikohoa kwa muda mrefu, ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokitazama kile kiganja, alikifuta upesi nyuma ya kaptula.

"Asiyetaka kazi na aondoke!" Kamaludin alisema. Akafungua daftari. "Mung'aro!"

"Naam!" akaitika, kwa sauti kubwa kuliko ile aliyomtafutia mwongo, akapita mbele huku ametunisha kifua.